Kitufe cha Mkwe

Kazi yangu ni simu za mezani. Nikisema hivyo watu wa rika langu hucheka na kuniuliza kama bado zipo. Zipo. Ofisini kwetu Singida mjini, ambako tunanunua alizeti na kukamua mafuta, kila meza ina simu yake na kila simu ina tabia za mwenye meza. Mhasibu amepunguza mlio mpaka hausikiki, halafu analalamika kwamba watu hawampigii. Msimamizi wa malori ameuongeza mpaka mwisho kwa sababu ya kelele za mashine, na simu yake ikilia hata walioko ghalani wanashtuka. Meneja ameelekeza simu zake zote kwenye simu ya mkononi, kisha hiyo ya mkononi anaizima. Mambo hayo yote, sauti, mwanga, mlio, majina kwenye vitufe vya pembeni, ndiyo tunayoyaita mipangilio, na mimi ndiye ninayeyatunza. Nachukua nakala yake na kuiweka kwenye kompyuta ya chumbani kwangu. Simu ikifa naleta nyingine, narudisha nakala, na mtu anakaa kitini pake bila kujua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Ni kazi isiyosifiwa. Ukiifanya vizuri hakuna anayekuona, ukikosea wanakujia mlangoni kama umewavunjia nyumba. Nimeshazoea.

Simu ninayotaka kuisimulia ni ya mapokezi, na aliyekuwa akiikalia ni mama mkwe wangu.

Nilipoajiriwa hakuwa mkwe wangu bado. Alikuwa mama wa mapokezi tu, Mnyaturu wa Mungaa, mwanamke mwenye sauti nzito na kumbukumbu ya ajabu. Namba za matawi, za madereva, za wakulima wakubwa, zote zilikuwa kichwani mwake. Mimi nilikuwa kijana mgeni kutoka Kiomboi, sina ndugu mjini, na yeye ndiye aliyenipokea. Saa za mapumziko nilikaa kwenye benchi la wageni mbele ya meza yake, tukala viazi vitamu alivyokuja navyo na kuwasema watu mpaka tukatokwa machozi kwa kucheka. Binti yake alikuwa mwalimu. Shule zikifungwa alikuja mjini na kupitia ofisini kumsalimia mama yake, akanikuta kwenye lile benchi, na mambo yakawa mambo.

Wazee wa kwetu walikwenda Mungaa kuposa, wakakubaliwa. Siku ya kurudi kazini niliingia kwa mlango wa mbele, nina furaha, nimejiandaa kumsalimia mama kwa heshima zote. Aliponiona aliinuka, akajitanda kanga kichwani, akageuka na kuingia chumba cha chai. Nilibaki nimesimama na shikamoo yangu mdomoni.

Kwetu Kiomboi mambo ya ukwe yapo ila yamelegea. Kwao yamekaza. Mama mkwe na mkwewe hawakai mahali pamoja, hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono. Si chuki, ni heshima, na ni heshima kubwa kuliko zote ambazo mwanamke yule angeweza kunipa. Vijana wa ofisini waliotoka Dar waliona kichekesho. Walikuwa wanapiga kelele, "Mama, mkwe huyo anakuja!" ili wamwone akikimbia. Nilimkemea mmoja wao mpaka akakoma, na wengine wakakoma kwa kumwogopa yule niliyemkemea, maana alikuwa mkubwa wao. Lakini moyoni niliumia kidogo. Nimepata mke, nimepoteza mtu wa kucheka naye.

Basi tukajifunza kuishi hivyo. Mimi nikaanza kupita mlango wa nyuma, katikati ya magunia. Simu yake ikipata hitilafu nilimpigia kwanza: "Mama, shikamoo. Nakuja kuangalia waya." Aliitikia, akaondoka, na mimi nikifika nilikuta kiti kitupu na kanga imening'inia kwenye egemeo la kiti. Nikimaliza ninapiga tena kutoka chumbani kwangu: "Tayari, mama." Hapo ndipo tulipogundua kwamba kwenye simu hakuna uso. Hakuna mahali pamoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kwamba kusema kwa simu ya kazini hakuvunji kitu, na baada ya kuamua hivyo akaingia yeye mwenyewe kwenye mipangilio ya simu na kukipa kitufe cha tatu cha pembeni jina MKWE. Akikibonyeza, simu yangu inalia.

Alikuwa na simu ya mkononi, bila shaka. Hakuwahi kunipigia nayo, na mimi sikuthubutu. Ile ni ya nyumbani, inashikwa na baba mkwe, inashikwa na mashemeji. Hii ya mezani ni ya kazi, na kila maongezi yetu yalianza na kazi. Laini ya Kiomboi inakatika. Mwanga wa kioo umefifia. Baada ya hapo ndipo aniulize kama mtu wetu, yaani binti yake, amepona mafua, kama bado anakataa kula usiku. Mke wangu alitucheka sana. Alisema mama yake ananipenda mimi kuliko anavyompenda yeye, na kwamba tungekuwa tunaonana tungeshagombana.

Mke wangu alifariki kwa maradhi ya moyo. Sitaeleza sana hapo, si kwa sababu nimesahau. Alikuwa mzima, akaumwa, akafa, na katikati yake kuna mambo ambayo hadi leo siyakaribii. Hatukujaliwa mtoto. Tulimzika kwetu Kiomboi. Mama alikuwa ndani na wanawake, mimi nilikuwa nje na wanaume, na ukuta ulikuwa katikati yetu. Niliisikia sauti yake ikilia kupita sauti zote, na sikuweza kwenda kumshika. Hata msibani ukwe haulegei. Msibani hasa.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Yeye alikuwa ametangulia kurudi. Nilikaa mbele ya kompyuta bila kufanya lolote, na simu ikalia. Kwenye kioo nikaona mapokezi.

"Mkwe," alisema, "simu yangu inakoroma."

Nilisikiliza. Laini ilikuwa safi kabisa. Nilichosikia ni pumzi yake tu.

"Naisikia, mama," nikasema.

"Unaisikia eeh?"

"Naisikia."

Tukakaa hivyo, kila mtu na mkono wake wa simu sikioni, mpaka mteja akafika mezani kwake na akakata.

Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi. Shikamoo, marahaba, kisha ugonjwa wa simu ambao haupo, kisha marehemu. Hakumtaja jina. Alisema mtu wetu. "Jana nimepika mlenda, nikakumbuka mtu wetu alikuwa akichungulia chungu." Au, "Mtu wetu akiwa mdogo aliogopa upepo, ukivuma anaingia mvunguni." Nami nilimpa vyangu: jinsi alivyokuwa anasahihisha madaftari huku anawatukana wanafunzi kwa upendo, jinsi alivyokuwa anaficha sukari. Hakuna mtu mwingine duniani niliyeweza kumwambia kuhusu sukari. Ndugu zangu walikuwa wameshaanza kuniangalia kwa macho ya kwamba inatosha sasa.

Hapo niseme wazi, ili mtu asije akadhani nilikuwa nang'ang'ania maongezi tu. Mwanamume aliyefiwa na mke, hana mtoto, ana nini cha kuonyesha kwamba alioa? Picha. Nguo, ambazo shangazi zake walikuja kuzigawa. Mimi nilikuwa na mama aliyekuwa akiinuka. Kila nilipoingia kwa bahati mbaya kwa mlango wa mbele na kumwona mgongo ukiishia chumba cha chai, nilijua bado ni mkwe wa mtu. Na kama bado ni mkwe, basi binti yake bado ni mke wangu. Sikutaka kitu kingine. Niliogopa kupoteza hicho tu.

Kaka yangu alikuja kutoka Kiomboi kuniambia kuna dada mmoja, muuguzi, mpole, anafahamika nyumbani. Nikamwambia sina haja.

"Huna haja mpaka lini?" akauliza.

"Kaka, mimi nina wakwe."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Una wakwe gani? Wale unawafunga tu. Ukioa kwingine ndiyo na wao wanapumzika, mnasalimiana kwa mkono kama watu wengine, yanakwisha."

Nilimjibu vibaya. Aliondoka bila kunywa chai, na kwa kaka mkubwa hilo ni jambo zito, lakini sikumwita arudi.

Mwisho wa msimu ule wa alizeti yalikuja mambo mawili pamoja. La kwanza, uongozi uliamua kubadilisha simu zote za mezani, maana zile za zamani vitufe vyake vilishaanza kukwama. La pili, mama alikuwa anakaribia kustaafu. Nilijipa moyo kwamba atakapoondoka tutapata njia, sijui ipi. Kwanza nifanye kazi.

Nilichukua nakala za simu zote, moja moja, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia. Ya mapokezi niliichukua ya kwanza. Nilimpigia, akatoka, nikaweka simu mpya mezani pake, nikarudi chumbani na kurejesha mipangilio yake. Ikarudi yote. Sauti yake kubwa, mlio aliouchagua, tawi la Kiomboi kwenye kitufe cha kwanza, ghala kwenye cha pili, na kwenye cha tatu, MKWE. Nilitazama neno lile kwenye kompyuta yangu, nikaridhika.

Kesho yake asubuhi simu yangu haikulia. Nikasema ana wateja. Kesho yake tena kimya. Nikafungua simu yake kwenye kompyuta na kukuta kitufe cha tatu kitupu. Nilishusha pumzi. Kumbe ni hilo! Simu mpya hizi, nikasema, zinapoteza mipangilio. Nikarejesha kutoka kwenye nakala, kikarudi. Kufikia jioni kilikuwa kitupu tena. Nikarejesha. Kikapotea. Nikampigia mwangalizi wa ghala amwambie mama apishe, nikaenda kubadilisha simu nzima, nikaleta ya akiba, nikarejesha tena. Ikakaa siku hiyo, na asubuhi iliyofuata, kitupu.

Nilikasirika. Nilimpigia fundi wa kampuni iliyotuuzia na kumwambia maneno ambayo mama yangu mzazi asingeyapenda. Nikamwambia wametuuzia takataka. Yule kijana alinisikiliza kwa ustaarabu, akaniuliza kama vitufe vingine navyo vinapotea.

"Hapana. Hicho kimoja tu."

"Cha pili hakipotei? Cha nne?"

"Nimeshakwambia, ni hicho tu!"

"Kaka," akasema polepole, "umemuuliza anayeitumia?"

Ni swali la kwanza la fundi yeyote. Unaenda, unakaa pembeni ya mtu, unamwambia nionyeshe ulichobonyeza. Watu wote wa ofisi ile nimekaa pembeni yao. Yeye peke yake sikuweza kukaa pembeni yake, na kwa hiyo simu yake nilikuwa naitengeneza kwa mbali, bila kuuliza, nikidhani najua anachotaka kwa sababu ndicho nilichotaka mimi. Na jambo lingine nililikwepa kwa siku zote hizo. Mwanamke yule alikuwa na namba za nusu ya mkoa kichwani. Eti ashindwe kunipigia kwa kukosa kitufe.

Nilinyanyua simu nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kitufe cha tatu kinapotea. Nakirudisha, kinapotea."

Nikasikia lori likipiga honi nje, kwake na kwangu kwa wakati mmoja.

"Hakipotei," akasema. "Nakifuta."

Nikageuka kukitazama kwenye kompyuta: kitupu.

"Nakifuta, unakirudisha. Nakifuta, unakirudisha. Nikasema huyu atachoka. Huchoki."

"Nilidhani ni simu, mama."

"Njoo kesho, unifundishe hii simu mpya. Mchana, watu wakipungua."

"Nitakuja ukienda kunywa chai."

"Hapana," akasema. "Njoo nikiwepo."

Akakata. Nilikaa na mkono wa simu sikioni nikisikiliza ule mlio wa laini iliyokatwa, mimi fundi, kana kwamba kuna mtu angerudi.

Kesho yake nilijitafutia kazi kila pembe ya jengo. Nilikwenda ghalani kufunga waya ambao haukuwa umelegea. Nilimsaidia mhasibu kuongeza mlio wa simu yake, akashukuru, akaupunguza tena nikiwa bado mlangoni. Mwishowe sikuwa na pa kujificha. Nikaingia mapokezi kwa mlango wa mbele.

Hakuinuka.

Nilisimama nikimngoja ainuke. Nilitazama sakafu, kisha nikatazama kiti, na kiti kilikuwa na mtu. Kanga yake ilikuwa mabegani, si kichwani. Sikuwa nimeuona uso wa mama yule tangu siku ile ya posa. Alikuwa amezeeka. Nywele za mbele zote nyeupe. Lakini paji la uso lilikuwa lilelile, na kidevu, na ile njia ya kukunja mdomo upande mmoja kabla ya kusema jambo gumu. Ulikuwa uso wa mke wangu, ambaye hakufikia kuzeeka. Nilikuwa nimeanza kumsahau kidevu. Sikujua kama nimeanza kumsahau mpaka nilipokiona.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Mwanangu ni neno alilomwita kila kijana wa ofisi ile, dereva, mlinzi, hata wale wa kutoka Dar. Mimi kwa miaka yote ya ukwe hakuwa ameniita hivyo.

"Mama, nitasimama tu."

"Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha pembeni yake. Simu mpya ilikuwa katikati yetu na kitufe cha tatu hakina neno.

"Kaka yako alikuja Mungaa, nikiwa nyumbani," akasema. "Alikuja vizuri, na wazee. Hakukusema vibaya. Alisema umekataa kuoa kwa sababu una wakwe. Baba yako mkwe akanyamaza. Mimi nikamwambia, anayemzuia ni mimi. Kila asubuhi namwita mkwe, namwambia habari za mtu wetu. Ataoaje?"

"Mama, mimi sitaki kuoa."

"Hutaki leo."

"Sitaki, mama. Mimi nilikuwa naona raha kukusikia. Basi. Kama kuna kosa nililofanya nitakuja na wazee wangu tuombe msamaha."

"Hakuna kosa." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, haraka, kama mtu anayepangusa meza. "Unadhani mimi naona raha kukifuta? Mara ya kwanza kukifuta nililia humuhumu, mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Halafu wewe ukakirudisha. Nikakiona asubuhi kinawaka, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikakaa nacho mpaka mchana. Hapo ndiyo nikajua sote wawili tunaumwa. Mimi ni mzee, nitaumwa hivihivi mpaka nimfuate. Wewe bado."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa ananifukuza. Nilitaka kumwambia kwamba akistaafu akarudi Mungaa, nami si mkwe wake tena bali mwanangu tu kama kijana mwingine yeyote, basi hakutakuwa na mahali hata pamoja ambapo yule mwalimu ana mume.

Simu ikaanza kulia. Kwenye kioo lilikuwa tawi la Kiomboi. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akiiacha simu ilie, na aliiacha. Ililia mpaka ikanyamaza yenyewe.

Kisha akaninyooshea mkono.

Nilikuwa na bisibisi mkononi, niliyoichukua ghalani ili nionekane nina kazi, na niliishikilia kwa nguvu kana kwamba nisipoiachia hataweza kunipa mkono. Hakuurudisha mkono wake. Mlango ulifunguka, mkulima mmoja akaingia na sampuli ya alizeti kwenye mfuko, akasimama akisubiri tumalize kusalimiana, kwa sababu kwa mtu anayetutazama tulikuwa watu wawili wa ofisi wanaosalimiana.

Nikaweka bisibisi mezani, nikaupokea mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto. Aliubana wangu, akaulegeza, na kwa sauti ileile nzito aliyowasalimia nayo watu wote waliopita mbele ya meza ile, akaniuliza habari za nyumbani.

Nikamjibu kwamba ni nzuri.